Simu ya chuo: uliza imebakiza miaka mingapi

Boom (pesa ya mkopo wa wanafunzi) likitoka, swali la wanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa ni lilelile: kwa laki nne nichukue Android mpya au iPhone iliyotumika? Mimi huanza kwa kuuliza kozi ni ya miaka mingapi. Kama una shahada ya miaka mitatu mbele yako, simu unayonunua leo inatakiwa iwe bado inapokea masasisho ya usalama siku unayokusanya ripoti yako ya utafiti. Na umri wa simu hauhesabiwi tangu ulipoitoa kwenye boksi, unahesabiwa tangu mtengenezaji alipoiingiza sokoni. Hapo ndipo wengi wanapoumia.

Chukua iPhone XR, ambayo bado inauzika sana. Ilitoka mwaka 2018. Septemba 2025 Apple ilipotoa iOS 26, XR, XS na XS Max ziliachwa, kwa sababu toleo hilo linaanzia iPhone 11. iPhone 8 na X ziliachwa mapema zaidi, mwaka 2023, zikabaki na iOS 16. Simu ikiachwa haizimiki siku hiyo. Kwa muda huendelea kupata viraka vya usalama, kisha viraka vinaadimika, halafu programu moja baada ya nyingine zinaanza kudai toleo ambalo simu yako haiwezi kulipata. WhatsApp ilishapandisha kima cha chini hadi iOS 15.1 mwaka 2025, na iPhone 6 zikatoka kwenye hesabu. Kwa mwanafunzi anayeanza chuo mimi siishauri XR kabisa. Anayetaka iPhone asishuke chini ya 12. Ya 11 namwachia aliyebakiza mwaka mmoja.

Upande wa Android tofauti ni kubwa hata kati ya simu za bei moja. Samsung Galaxy A16 ilitoka mwaka 2024 na ahadi ya miaka sita ya masasisho ya usalama, wakati A15 iliyoitangulia iliahidiwa mitano. Simu nyingine nyingi za bei hiyohiyo hutoka bila ahadi yoyote ya maandishi. Ukiwa dukani ingia Mipangilio, Kuhusu simu, Toleo la Android, kisha soma tarehe ya sasisho la usalama. Iunganishe na intaneti, itafute sasisho. Kama tarehe inabaki nyuma kwa mwaka mzima, simu hiyo imeshatelekezwa hata kama nailoni yake haijabanduliwa.

Sasa tuje kwenye RAM, kumbukumbu ya muda inayoshikilia programu ulizofungua, maana hapa ndipo maboksi yanapowachanganya watu zaidi. Boksi linaandika 8GB kwa herufi kubwa, na pembeni kuna kinyota. Tafuta maelezo ya kinyota hicho upande wa nyuma, kwa maandishi madogo: 4GB + 4GB. RAM halisi ni nne. Nne nyingine zimekatwa kutoka kwenye hifadhi ya simu, na kwenye Tecno na Infinix utaikuta ikiitwa MemFusion, kwenye Samsung RAM Plus. Inavyofanya kazi ni hivi: RAM ikijaa, mfumo unachukua data za programu ambazo hujazigusa kwa muda na kuzihamishia kwenye hifadhi, ukirudi kwenye programu hiyo unazisoma tena kutoka huko. Hifadhi ni ya polepole mno ukiilinganisha na RAM. Na RAM ikizidiwa, mfumo huifunga programu kabisa, ndiyo maana unatoka kwenye Google Classroom kujibu ujumbe, ukirudi unakuta inajifungua upya na ulichokuwa unaandika kimepotea. Kwa masomo, RAM halisi isiwe chini ya GB 4, na kama pesa inaruhusu fika 6. Ukishanunua, zima hiyo ya kuongezea uone kama kuna unachokosa. Mara nyingi utarudishiwa GB zako za hifadhi tu.

Hifadhi nayo ina daraja lake ambalo wauzaji hawalitaji. Simu za bei ya chini hutumia eMMC 5.1, zilizo juu kidogo hutumia UFS 2.2. eMMC haiwezi kusoma na kuandika kwa wakati mmoja, UFS inaweza, na kasi yake ya kusoma ni mara kadhaa zaidi. Tofauti hiyo huioni siku ya kwanza. Unaiona muhula wa pili, pale magrupu ya darasa yameshamwaga PDF na video, simu inasasisha programu kwa nyuma, na wewe unataka kufungua kitu kimoja tu lakini kioo kimeganda. Programu kama DevCheck inaonyesha aina ya hifadhi pamoja na prosesa. Kwenye prosesa, Helio G99 imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 6, wakati Unisoc T606 na Helio G85 ni za 12, kwa hiyo kwa kazi ileile G99 inakula chaji kidogo na haipati joto haraka. Kati ya simu mbili za bei moja, moja ina kamera ya megapikseli 50 na eMMC, nyingine ina kamera ya kawaida na UFS, mimi nachukua ya pili bila kusita.

Ukubwa uwe GB 128. GB 64 zinaonekana nyingi mpaka mfumo wenyewe uchukue zake na WhatsApp ijaze zilizobaki. Kadi ya memori inasaidia kwa picha, filamu na notisi, lakini programu na data zake hubaki ndani ya simu. Acha pia kama asilimia 15 wazi, kwa sababu hifadhi ya aina hii lazima ifute kipande kizima kabla ya kuandika upya, na ikijaa kabisa haina pa kufanyia kazi hiyo.

Kuhusu 5G sina mengi: usipunguze RAM wala hifadhi ili uipate.

Mfumo endeshi uchague kwa kozi yako. Anayekwenda fildi kukusanya data kwa dodoso, iwe afya ya jamii, kilimo au sosholojia, atakutana na KoboCollect au ODK Collect, na zote mbili ni za Android peke yake. Mwenye iPhone atajaza dodoso la Kobo kupitia kivinjari. Inawezekana, ila dodoso ambazo hazijatumwa hukaa kwenye kumbukumbu ya kivinjari, na ukizifuta kwa bahati mbaya ukiwa kijijini bila mtandao, mahojiano ya siku nzima yamekwenda. Anayejifunza kuandika programu atapata Pydroid 3 na Termux kwenye Android hata kabla hajamiliki kompyuta. Kwa anayesoma uandishi wa habari au utengenezaji wa video hesabu inageuka, kwani video ya iPhone ni tulivu na rangi zake zinaaminika, na hapo naona sababu ya kweli ya kuilipia.

Kuna jambo la steshenari ambalo watu hulijua wakiwa wameshanunua. Android ukiichomeka kwa waya kwenye kompyuta ya Windows inafunguka kama folda, mhudumu anaichukua PDF yako na kuichapa. iPhone ikichomekwa hivyohivyo inaonyesha picha na video tu, kwa hiyo kila hati utaituma kwa WhatsApp au barua pepe, bando likitumika. Flashi nayo kwenye iPhone 14 kurudi nyuma inahitaji adapta ya Lightning, USB-C imeanza na iPhone 15.

iPhone 14 na zilizofuata, zikiwa zimetengenezwa kwa soko la Marekani, hazina tundu la laini kabisa. Ni eSIM tu, laini ya kielektroniki iliyo ndani ya simu yenyewe. Chaji ikikuishia huwezi kuchomoa laini uiweke kwenye kitochi upige *150*00# ya M-Pesa kutuma nauli. Angalia ubavuni kabla hujakubaliana bei.

Ukaguzi wa simu iliyotumika usiufanye kwa haraka, hata muuzaji akinuna. Piga *#06#, isome IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, tarakimu 15, uzilinganishe na za kwenye boksi. Kwa Tanzania itume kwa SMS kwenda 15090 uone kama jibu linataja modeli uliyoshika mkononi, kwa Kenya ni 1555. Kwenye Android fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu, uangalie uidhinishaji wa Play Protect. Ikiandika kwamba kifaa hakijaidhinishwa, ama ni kopi ama imeflashiwa mfumo usio wake, na programu za benki zinaweza kukukatalia. Kioo kipime kwa ukurasa mweupe mwangaza ukiwa juu kabisa, kisha shika alama ya programu uiburute polepole kila kona. Ikidondoka yenyewe mahali fulani, mguso hapo umekufa. Kwenye Samsung nyingi *#0*# inafungua menyu kamili ya majaribio.

Kwenye iPhone ingia General, About. Sehemu ya Carrier Lock iandike No SIM restrictions. Hapohapo iPhone 11 huonyesha kama betri au kioo kimebadilishwa, na 12 huongeza kamera. Kisha nenda kwenye afya ya betri. Ikiwa chini ya asilimia 80, weka gharama ya betri mpya kwenye bei. Ikiwa asilimia 100 kwenye simu ya miaka mitano na hakuna rekodi ya betri kubadilishwa, usiifurahie, maana kuna vifaa vinavyoandika upya namba hiyo.

Hatua ya mwisho ndiyo inayookoa pesa nyingi. Muuzaji aondoe akaunti yake ya Apple au Google mbele yako, aifute simu kabisa, kisha wewe uiunganishe na intaneti na uiwashe mwanzo hadi mwisho kwa akaunti yako. Simu ya kulipia kidogo kidogo ambayo deni halijaisha hufungwa kwa IMEI, kwa hiyo hata ikifutwa, ikishika intaneti tu kifungo kinarudi. Ya wizi itadai nenosiri la mwenyewe. Usitoe hela mpaka uone ukurasa wa mbele ukiwa na akaunti yako. Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) na IMEI iandikwe juu yake. Bila hiyo dhamana ni maneno, hata kwa Tecno, Infinix na itel ambazo zina mafundi wao wa Carlcare.

Usiku huohuo andika IMEI kwenye daftari, washa huduma ya kuitafuta simu, weka PIN ya hatua mbili kwenye WhatsApp, kisha weka PIN ya laini yenyewe. Hii ya laini wengi huiruka. Simu ikinyakuliwa kwenye daladala, mwizi hahitaji kufungua kioo chako: anachomoa laini, anaiweka kwenye simu nyingine na kupokea namba za siri zinazotumwa kwa SMS. Laini yenye PIN inamgomea hapo. PIN ya kuanzia na PUK (namba ya kufungulia laini iliyojifunga) zimechapwa kwenye kile kiplastiki laini ilipobanduliwa. Kitunze hostelini, sio kwenye kava la simu, kwa sababu ukikosea PIN mara tatu ni PUK pekee itakayoifungua.