Nikeli ya Burundi na hesabu ya nauli

Tangu mkataba wa kujenga reli ya kutoka Uvinza, mkoani Kigoma, hadi Musongati nchini Burundi uliposainiwa mwaka 2025, wafanyabiashara wa hapa Arusha hawaishi kutuuliza: Burundi kuna nini hasa, na sisi wa huku tutaambulia nini? Swali ni zuri, ila wengi hulianzia kwenye madini. Nchi isiyo na bahari ni vizuri kuianzia kwenye nauli.

Burundi ni ndogo, kilomita za mraba 27,834, lakini ardhi yake haikunyimwa kitu. Kuna dhahabu, bati, koltani, madini adimu ya Gakara, na nikeli ya Musongati inayojulikana tangu miaka ya 1970. Milimani kuna kahawa na chai. Sasa jiulize: kwa nini dhahabu inatoka kila mwaka, na nikeli iliyogunduliwa yapata nusu karne iliyopita bado imelala palepale?

Jibu analijua dalali yeyote wa mawe hapa mjini. Tanzanaiti ya Mirerani ikishachaguliwa huingia mfukoni, na anayeisafirisha hana haja ya kujua barabara ikoje. Dhahabu nayo ni hivyohivyo (ndiyo maana ni rahisi pia kuivusha mpakani bila kusalimiana na forodha, na serikali za ukanda huu zinalijua hilo vizuri). Nikeli ya Musongati ni habari nyingine. Imo kwenye udongo wa lateraiti, ambao kwa kawaida huwa na nikeli asilimia 1 hadi 2 tu. Tuchukue asilimia 1.5: tani nzima ya udongo ina kilo 15 za nikeli, na karibu yote inayobaki ni uzito wa kulipiwa bure. Kutoka Bujumbura hadi bandari ya Dar es Salaam kwa barabara ni takribani kilomita 1,500. Pakia udongo huo kwenye semi, uone kama faida itafika hata Kahama.

Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni kuchenjua hukohuko Burundi, ili kinachosafiri kiwe nikeli yenyewe badala ya udongo. Hapo unakutana na umeme. Mtambo wa Rusumo kwenye mto Kagera, unaomilikiwa kwa pamoja na Burundi, Rwanda na Tanzania, una megawati 80, na fungu la kila nchi ni kama megawati 27. Tanuru kubwa la umeme la kuyeyusha nikeli ya aina hii linaweza kumeza fungu hilo lote na kudai lingine, huku nyumba nyingi za Warundi zikiwa bado gizani. Ya pili ni reli. Kipande cha Uvinza hadi Musongati ni yapata kilomita 280, lakini peke yake hakitoshi: Uvinza iko kwenye njia ya Tabora hadi Kigoma, na kipande hicho cha reli ya kisasa (SGR) nacho lazima kikamilike ndipo behewa lishuke moja kwa moja hadi baharini. Anayekuuzia leo hisa za nikeli ya Burundi kwa kukuonyesha picha ya treni, muulize kwanza kuhusu Tabora.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unazitambulia nchi zisizo na bahari haki ya kupita kwenda baharini. Ni haki nzuri, lakini haipunguzi bei ya dizeli.

Mimi binafsi kahawa inanivutia kuliko nikeli. Kule Burundi, maeneo ya Kayanza na Ngozi yanalima arabika, na hapa Meru wakulima wanajua hesabu yake: kilo 5 hadi 7 za kahawa mbivu hutoa kilo moja tu ya kahawa safi. Kahawa humenywa, kuoshwa na kukaushwa karibu na shamba, kwa hiyo uzito unaachwa kijijini na thamani ndiyo inayosafiri. Adui yake ni mdudu anayeitwa antestia. Akitoboa tunda, kahawa inaweza kupata kasoro inayoifanya inuke kiazi kibichi, na punje moja inatosha kuharibu kikombe. Kasoro hiyo imezisumbua sana kahawa za Burundi na Rwanda. Anayejua kudhibiti mdudu huyo, au kuchambua punje kwa umakini, ana ujuzi wa kuuza kule bila kumiliki hata ekari moja.

Kwa mtu wa Arusha mwenye mtaji wa kawaida, fursa ya kwanza iko barabarani: Babati, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, kisha mpaka wa Kabanga na Kobero. Burundi inaagiza bidhaa nyingi kuliko inazouza nje, kwa hiyo malori mengi hurudi matupu. Mwenye mzigo wa kurudi nao huku ana nguvu ya kupatana nauli. Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na bidhaa zilizo kwenye orodha ya Jumuiya zenye thamani isiyozidi dola 2,000 hutumia cheti rahisi cha uasili (cha kuthibitisha bidhaa imetoka nchi mwanachama) kinachotolewa palepale mpakani.

Kabla ya kupakia, ulizia mambo mawili: mafuta na fedha. Miaka ya karibuni Burundi imekuwa na uhaba wa petroli na wa fedha za kigeni, na bei ya faranga benki na ya mtaani zimeachana mbali. Patana na mteja wako mapema atalipa kwa sarafu gani, na kwa bei ipi kati ya hizo mbili.