Je, Wajua kwa Nini Ndege wa Hariri za Kale za Uingereza Hutazamana?

Katika kitambaa cha mapazia kiitwacho Dove and Rose, yaani njiwa na waridi, kilichobuniwa na William Morris, mbunifu wa Kiingereza, mwaka 1879 na kufumwa kwa hariri na sufu, njiwa wamepangwa wawili wawili katikati ya mashina yaliyopindapinda. Wa kulia ndiye yule yule wa kushoto, ila amegeuzwa kama sura iliyo ndani ya kioo, unyoya kwa unyoya. Ni rahisi kudhani kwamba hayo ni mapenzi ya ulinganifu tu, lakini sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya mtambo wa kufumia.

Kitambaa cha kuchapwa hupokea rangi kikiwa kimekwisha kufumwa, na kwa hiyo mchoraji hupeleka tawi popote apendapo. Katika hariri ya kufumwa, ua ni kitambaa chenyewe: hutokea pale nyuzi za mtande, zilizotandazwa kwa urefu, zinapoinuliwa au kuachwa chini ili uzi wa mshindio upite kati yake. Uzi upi uinuke na upi ubaki huamuliwa na mtambo alioubuni Joseph Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, mwanzoni mwa karne ya 19. Kadi ngumu yenye matundu hugandamizwa kwenye safu ya sindano. Palipo na tundu sindano hupenya, na ndoano yake ikauinua uzi. Pasipo na tundu sindano husukumwa nyuma, na uzi ukabaki chini.

Sasa tufanye hesabu. Mtambo wenye ndoano 400 huamuru nyuzi 400 tofauti tu, na nyuzi za hariri ni nyembamba mno, hata zikipangwa ubavu kwa ubavu hazifiki mbali. Wafumi wakafunga nyuzi mbili kwenye kila ndoano, moja ikihesabiwa kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia, hivi kwamba nusu ya mchoro hujirudia kinyume na upana wake hukaribia nyuzi 800. Hukaribia tu, kwa sababu uzi ulio kwenye mstari wa kioo haurudiwi: nyuzi mbili za jirani zikiinuka sawasawa huacha mchirizi mnene, na jicho huuona mara moja.

Morris hakuwa wa kwanza. Hariri za Italia za zama za kati zimejaa ndege waliokabiliana namna hiyo, naye alizichunguza katika makumbusho ya South Kensington, London. Mwaka 1877 alimwajiri mfumi wa hariri kutoka Lyon, na mwaka 1881 akahamishia kazi Merton Abbey, kando ya mto Wandle. Ustadi wake mkubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba masharti ya mtambo hayaonekani kuwa masharti; mtazamaji huona bustani.

Mbona basi ndege hao hawageuzwi pia kichwa chini? Urefu wa mchoro hautegemei ndoano bali idadi ya kadi, na kadi huweza kuongezwa na kushonwa pamoja kama mnyororo unaozunguka juu ya mtambo. Mchoro umebanwa kwa upana, lakini uko huru kupanda: shina huanza chini, likapinda, likatoa jani, kisha waridi, kisha njiwa, ndipo kadi ya kwanza irudi zamu yake.