Damu Hutumika, Chuma Hubaki: Elimu kwa Wanaopandikizwa Seli Shina za Damu

Mfuko mmoja wa seli nyekundu za damu hubeba miligramu 200 hadi 250 za madini ya chuma. Mwili mzima wa mtu mwenye afya una gramu 3 hadi 4 tu. Kila siku tunafyonza miligramu 1 au 2 kutoka kwenye chakula, na kiasi kama hicho hupotea kwa kubanduka kwa ngozi na utando wa utumbo. Zaidi ya hapo mwili hauna njia ya kukitoa. Aliyeongezewa mifuko 20 amejaziwa gramu 4 au 5 juu ya zile za kwake.

Wengi wanaofikia hatua ya kupandikizwa seli shina, zile zinazotengeneza damu, wamepitia huko: wenye thalasemia (ugonjwa wa kurithi wa damu) walioongezewa damu tangu utotoni, wenye selimundu, wale ambao uboho wao, yaani ute wa ndani ya mifupa, umeacha kutengeneza damu, na wenye lukemia (saratani ya damu) waliodhoofishwa na tibakemikali. Damu hiyo iliwaokoa, na hakuna anayepaswa kuikataa inapohitajika. Ninachoomba ni kwamba ihesabiwe. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, idadi ya mifuko, hospitali gani.

Ndani ya damu chuma husafirishwa na protini iitwayo transferini. Kwa mtu mwenye afya, kama asilimia 20 hadi 45 ya nafasi zake za kubebea ndizo huwa zimejaa. Zikikaribia kujaa zote, chuma huanza kuelea bila mbebaji na kupenya ini, moyo, kongosho na tezi za homoni, na humo huzalisha kemikali zinazounguza seli. Kipande cha ini la mgonjwa wa namna hii kikitiwa rangi maalumu maabara na kuwekwa chini ya hadubini, chuma huonekana kama punje za buluu iliyokolea, zimetapakaa seli hadi seli. Ukiliona mara moja, hulisahau.

Sasa fikiria wiki ya upandikizaji. Dawa kali hutangulia ili kuufuta uboho wa zamani, na uboho ndio mtumiaji mkubwa wa chuma mwilini. Uboho ukinyamaza, chuma hukosa pa kwenda, transferini hufurika, na siku hizohizo mgonjwa hana seli nyeupe za kumkinga. Bakteria na fangasi nao wanahitaji chuma ili wakue. Ini lililokwisha kuchoka hulazimika kuzikabili dawa hizo, na vishipa vyake vidogo vikiziba, mgonjwa hupata maumivu chini ya mbavu za kulia, macho huwa ya manjano na uzito hupanda ghafla kwa maji yanayojaa mwilini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, daktari Guido Lucarelli na wenzake wa Pesaro, Italia, walieleza jinsi ya kuwapanga wagonjwa wa thalasemia kabla ya kuwapandikiza uboho. Waliuliza mambo matatu: je, ini limevimba? Lina makovu? Dawa za kuondoa chuma zilitumiwa kwa utaratibu? Waliokuwa salama kwa yote matatu walipona vizuri kuliko waliokuwa na dosari zote. Mwaka 2007, watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa wa lukemia kali na wa uboho unaozalisha seli zenye kasoro walioingia wakiwa na feritini ya juu (protini inayohifadhi chuma, hupimwa kwenye damu) waliishi muda mfupi zaidi.

Hapa panahitaji uangalifu. Feritini hupanda chuma kinapozidi, lakini pia hupanda kwa maambukizi, uvimbe wa ndani, maradhi ya ini, hata kwa saratani yenyewe. Baadaye chuma cha ini kilipopimwa moja kwa moja kwa MRI (picha za mashine ya sumaku) kwa watu wazima wenye saratani za damu, uhusiano ule na vifo haukuonekana. Kwa hiyo feritini iliyozidi nanogramu 1,000 kwa mililita ni sababu ya kuchunguza zaidi, na haitoshi kumnyima mtu nafasi ya kupandikizwa. MRI ya ini na moyo ndiyo inayojibu swali. Chuma huvuruga sumaku ya mashine, na ini lililojaa huonekana jeusi kwenye picha.

Kukiondoa kunachukua miezi, mara nyingi miaka, kwa hiyo kazi ianze kabla hata mtoaji wa seli hajapatikana. Dawa ya deferoksamini huingizwa chini ya ngozi kwa pampu ndogo, saa 8 hadi 12, usiku 5 au zaidi kwa wiki. Mkojo hugeuka mwekundu wa kutu, na wazazi hushtuka. Ni chuma kinachotoka. Dawa nyingine, deferasiroksi, humezwa kila siku, ila figo na ini lazima vipimwe mara kwa mara.

Kinachoniumiza zaidi ni kipindi cha baadaye. Uboho mpya umekubali, damu haiongezwi tena, familia inashangilia, na mahudhurio ya kliniki yanapungua. Chuma bado kipo palepale, kinaendelea kutia ini makovu na kumchelewesha mtoto kubalehe. Hemoglobini ikiwa nzuri, dawa iliyo bora ni kutoa damu: Pesaro walitoa mililita 6 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya siku 14. Uboho mpya hutengeneza nyingine kwa kuchota chuma kutoka ghalani. Mzazi aliyehangaika miaka mingi kutafuta damu huumia kuona inatolewa, nami namwelewa, lakini asikatishe. Asiyeweza kutolewa damu hurudia dawa, huku deferiproni, nayo dawa ya kuondoa chuma, ikitazamwa kwa tahadhari kubwa kwa sababu inaweza kuangusha seli nyeupe.

Vidonge vya vitamini vyenye chuma, au vitamini C kwa wingi, visimezwe bila daktari kujua. Miongozo ya kimataifa inataka feritini ipimwe mwaka mmoja baada ya upandikizaji kwa kila aliyeongezewa damu. Siku hiyo njoo na lile daftari.