Chaja ya kilowati 22 haitalijaza gari lako upesi

Kuna sentensi ninayoisikia karibu kila ninapoitwa kupima nyumba Nyali, Bamburi au Mtwapa, huku pwani ya Kenya: "Fundi, niwekee ile kubwa kabisa, sitaki gari lichelewe kujaa." Hapo mwenye nyumba ameshalipa. Kisanduku cha kilowati 22 kiko sebuleni ndani ya boksi lake, na gari la umeme lililoegeshwa nje ni Nissan Leaf iliyotoka Japani. Juma hili imetokea tena, na mwenye gari alikasirika nilipomwambia kwamba kisanduku hicho kitampa kilowati 3, zile zile ambazo angepewa na kidogo cha bei nafuu. Alidhani namfanyia hila ya kifundi. Basi naandika yote hapa, kwa sababu nimechoka kuwaeleza watu baada ya pesa kutoka mfukoni.

Chombo kinachougeuza umeme wa nyumba uwe umeme wa betri kimo ndani ya gari. Kisanduku cha ukutani hakigeuzi chochote. Kinahakikisha athi (waya wa kwenda ardhini) ipo, kinaliambia gari lisivute zaidi ya ampea kadhaa, kisha kinafunga kontakta, swichi nzito ya ndani, na umeme unapita. Mazungumzo hayo hupita kwenye waya mwembamba mmoja, kwa wimbi la mraba la mizunguko 1,000 kwa sekunde, na upana wa wimbi ndio kiwango: asilimia 26.7 ni ampea 16, asilimia 53.3 ni ampea 32, na chini kabisa ni ampea 6. Yote hayo ni ruhusa tu. Gari lenye uwezo wa ampea 15 ukiliruhusu 32 litavuta 15.

Leaf nyingi zilizouzwa Japani zina chaja ya ndani ya kilowati 3. Ile ya kilowati 6 ilikuwa nyongeza, na aliyeamua kuilipia au kutoilipia ni mnunuzi wa kwanza kule kwao. Nyingine, hasa zilizotoka Uingereza, zina 6.6. Kwa hiyo swali la kwanza linahusu gari: lako linapokea ngapi? Kama karatasi hazisemi, lichomeke mahali penye ampea 32 wakati betri iko nusu, uangalie mita. Utajua kabla chai haijapoa.

Na hizo 22 zenyewe ni fezi tatu, yaani nyaya tatu za kuleta umeme kutoka kwenye nguzo, kila moja ampea 32. Nyumba yako ina fezi moja. Kisanduku cha 22 kikilishwa fezi moja hutoa 7 na kitu, basi. Hata ukienda Kenya Power ukaomba fezi tatu, gari lenye chaja ya ndani ya fezi moja litatumia fezi moja na kuziacha mbili zimelala. Magari yanayopokea kilowati 22 kwa njia hii ni machache duniani kote. Hata ya Ulaya mengi huishia 11.

Tufanye hesabu ya kweli. Mtu anakaa Mtwapa na kazi iko mjini. Kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya sokoni na kuwachukua watoto, tuseme kilomita 50. Leaf hula yuniti 15 hivi kwa kilomita 100 (yuniti moja ni kilowati moja kwa saa nzima), kwa hiyo ametumia kama 8. Kwa kilowati 3 hizo hurudi kwa saa tatu. Gari linalala kwa muda wa saa kumi. Huyu mtu ana haraka ya kwenda wapi? Mwenye betri kubwa ya yuniti 60 anayesafiri Malindi na kurudi mara kwa mara, huyo kisanduku cha ampea 32 kitamfaa kweli, ikiwa gari lake linaweza kuzipokea. Zaidi ya hapo, kwa nyumba ya kawaida, sioni sababu.

Nyumba nyingi ninazofungua bodi zina fyuzi kuu ya ampea 60. Shawa ya umeme ya kilowati 5.5 peke yake inakula ampea 23. Ongeza chaja ya 32, tayari uko 55. Kiyoyozi kimoja na pampu ya maji vikiwaka saa moja jioni, umepita. Fyuzi haikatiki papo hapo; inachemka pole pole pamoja na maungio yake, na hayo maungio ndiyo yanayoungua. Dawa ziko mbili. Fungua kisanduku ukishushe kiwe 16, vingi vina swichi ndogo ndani kwa kazi hiyo hiyo. Au nunua chenye kipete cha kupimia, kinachovishwa kwenye waya mkuu wa nyumba na kupunguza ampea za gari kila shawa inapowashwa. Katika hadithi zote za "smati" wanazokuuzia, hiki kipete ndicho kitu ambacho ningekushauri ukilipie bila kusita. Programu ya simu inayokuonyesha grafu za rangi inaweza kungoja.

Waya: kwa ampea 32, umbali wa mita 30 kwa waya wa milimita za mraba 6 hupoteza volti 7 hivi, kwa wa 10 hupoteza 4. Nyumba ambayo jioni tayari inapokea umeme dhaifu haina volti za kuchezea. Nunua mnene.

Kuna na wale wanaosema hawahitaji kisanduku kabisa, wanatumia kebo iliyokuja na gari. Sina ugomvi na kebo. Kebo ya ampea 10, kwenye soketi nzuri yenye waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, inamtosha yule mtu wa Mtwapa, na hilo hutalisikia kwa muuzaji wa visanduku. Ugomvi wangu ni kebo ya Japani iliyokatwa kichwa. Ile imetengenezwa kwa volti 200 na ampea 15, na kichwa chake hakiingii kwenye soketi zetu, kwa hiyo fundi anakikata na kuweka plagi ya pini tatu ya 13. Watu hudhani fyuzi ya 13 itakatika ikipitishwa 15. Haikatiki! Inaweza kukaa hivyo saa nyingi, ikichoma plastiki iliyoizunguka. Plagi hizo ninazo dukani, kahawia upande mmoja, na huwaonyesha wateja kabla hawajaniuliza bei.

Sasa athi. Hapa ndipo ninapowaomba msome pole pole.

Kisanduku kizuri, na hata kebo nzuri, hukagua athi kabla ya kuruhusu umeme. Kisipoiona kinawasha taa nyekundu na kukataa. Kwa mwenye gari taa hiyo ni usumbufu. Kwa fundi asiyejali ni kelele ya kunyamazishwa, na njia ya kuinyamazisha inajulikana kila mahali: kipande kifupi cha waya kutoka nyutro (waya wa kurudishia umeme) hadi athi, nyuma ya soketi au ndani ya kisanduku. Taa inageuka kijani. Gari linajaa. Fundi analipwa, anasifiwa kwamba ametatua lililowashinda wengine.

Angalia alichofanya. Bodi ya gari lako, ile chuma unayoishika kufungua mlango, imeunganishwa na athi ya kisanduku. Sasa imeunganishwa na nyutro. Nyutro ikiwa nzima hutahisi kitu, miezi hata miaka. Siku nyutro inapokatika kule kwenye nguzo, na kwa hewa yetu ya chumvi maungio ya juu hulika, umeme wa laivu, waya unaouleta, unapita kwenye friji, unafika kwenye nyutro ambayo haina pa kwenda, unarudi hadi kwenye mlango wa gari. Gari lina matairi ya mpira, kwa hiyo halitautoa ardhini. Atakayeutoa ni yule atakayeligusa akiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Na kama laivu na nyutro zimegeuzwa nyuma ya soketi, kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, hakuna haja ya kungoja nyutro ikatike. Gari ni laivu tangu dakika ya kwanza.

Utaniambia ELCB, ile swichi ya kukata umeme ukivuja, itaruka. Itaruka ikiwa ipo, ikiwa nzima, na ikiwa haitegemei nyutro kupata nguvu ya kujirusha. Zile za kielektroniki za bei rahisi huitegemea, na nyutro ndiyo iliyokatika. Bonyeza kitufe cha majaribio cha ELCB ya nyumba yako leo. Ukikuta haipo, au haisikii, usichaji gari mpaka ibadilishwe.

Kwa hiyo taa nyekundu ikiwaka, jibu liko ardhini. Pwani hapa udongo wa juu ni kidogo, chini ni mwamba wa tumbawe. Rodi ya mita 1.2 inaingia hadi magotini inagonga jiwe. Fundi anatoa msumeno, anaikata, anafunga klipu kwenye kilichobaki na kufukia. Nimechimbua rodi zenye urefu wa kijiko cha kupakulia. Wengine humwaga chumvi na makaa shimoni. Chumvi inashusha vipimo kwa muda, kisha mvua inaibeba, na kabla haijaondoka imeshaanza kuila klipu. Kama mwamba hautoboki, chimba mtaro mrefu na ulaze waya mtupu wa shaba, au piga rodi kadhaa zikiachana angalau urefu wa rodi moja, uziunge pamoja. Ni kazi ya jembe na jasho, na mteja haoni kitu ukutani baada ya kulipa. Ndiyo maana haifanywi.

Nitasema na ninalolitilia shaka. Kwa hesabu ya vitabu, ELCB ya miliampea 30 inafanya kazi hata athi ikiwa na ukinzani wa omu 1,667: volti 50 gawanya kwa 0.03. Kanuni huongeza tahadhari kwamba ikipita omu 200 isiaminiwe. Mimi sikubali kuondoka ikiwa juu ya 100, na sina ukurasa wa kukuonyesha unaosema 100. Nilicho nacho ni misimu. Rodi iliyopimwa Mei, masika imejaa ardhini, si ile utakayoikuta Februari wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu mpaka inapasuka. Nambari niliyoiandika kwenye cheti ilikuwa kweli siku ile. Je, inatosha mwaka mzima? Kwa nyumba nyingine siwezi kuapa, ndiyo maana nawaomba waniite tena kiangazi nipime bila malipo.

Jambo moja kuhusu hiyo ELCB, kwa sababu maduka mengi hayalijui. Kuna aina AC, A na B. Gari likipata hitilafu linaweza kuvujisha umeme wa DC, ule wa betri, kwenye waya wa nyumba, na huo huifunga macho aina AC, kiasi kwamba hata mtu akishikwa haitaruka. Unataka aina A pamoja na kisanduku chenye kipimo cha ndani kinachokata DC ikifika miliampea 6, au unataka aina B, ambayo ni ghali. Muulize muuzaji kama kipimo hicho kimo. Akikujibu kwa kukuonyesha rangi za kisanduku, nenda duka jingine.

Mengine ni mepesi. Chagua kisanduku chenye tundu la Type 2 badala ya chenye kebo isiyotoka: vichwa vya kuchajia viko vya aina nyingi, Leaf ya Japani inatumia Type 1, gari lako lijalo huenda likawa Type 2, na kubadilisha kebo ni rahisi kuliko kubadilisha kisanduku. Magari yaliyoletwa moja kwa moja kutoka soko la China huja na kichwa cha GB/T, ulizia kabla. CHAdeMO, tundu la kuchajia kwa kasi kwa DC, si ya nyumbani. Kisanduku kiwe na kinga ya vumbi na maji ya IP54 au zaidi, kivulini, na kila mwaka kifunguliwe skrubu zikazwe na kutu ya kijani isuguliwe.

Kuhusu bei ya umeme, mwaka 2023 EPRA, mdhibiti wa nishati wa Kenya, iliidhinisha bei maalumu ya kuchajia magari: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa za usiku, kabla ya tozo na kodi. Inataka mita yake peke yake, kwa hiyo piga hesabu kama kilomita zako zinalipia huo usumbufu. Kwa mwenye magari mawili au teksi, mara nyingi zinalipia.

Usiku una faida nyingine huku kwetu. Betri ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza haina kipoozaji cha maji; inategemea hewa tu. Ukirudi saa kumi na moja jioni Januari, umetoka kwenye lami ya moto, betri nayo imepata joto. Vitabu vinasema kilowati 3 hadi 6 haziongezi joto la kujali, na hesabu yao naikubali. Hata hivyo Leaf nyingi za Mombasa ninazozipima zimeshuka mapema baa za afya ya betri kwenye dashibodi, na siwezi kutenganisha joto la kuchaji na joto la jua la kuegesha mchana kutwa. Kwa vile kungoja hakugharimu kitu, mimi huwawekea taima ya gari ianze saa saba usiku na ikome saa kumi na moja alfajiri.