Gari Ikigonga Kwenye Kona, Usikimbilie Kardani

Juzi mama mmoja wa Himbi, mtaa wa hapa Goma, aliniletea RAV4 yake, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kardani mbili za okazyoni (mitumba) ndani ya mfuko. Kardani ni ule mhimili unaozungusha gurudumu kwa nguvu ya mota. Alikuwa ameshazilipia. Fundi wa kwanza alisikia tu "nikikata kona inagonga", akamwambia kardani zote mbili zimekufa. Hakuinama hata mara moja chini ya gari. Huyo ni mteja wa tatu mwezi huu kuja kwangu na hadithi hiyo hiyo, na nimechoka kuona watu wakila hasara.

Kardani mbovu ina sauti yake. Inapiga tak-tak-tak-tak kwa mpigo, ukiongeza mafuta mpigo unakimbia, ukilegeza unapungua, maana sauti inafuata mzunguko wa gurudumu. Inalia zaidi ukikata volani (usukani) mpaka mwisho na kuanza kuondoka. Angalia pia upande wa ndani wa rimu: sufle, yaani mfuko wa mpira unaofunika kiungio cha kardani, ikipasuka, grisi inarushwa kila mahali. Hapa Goma mitaa mingi bado ni lava tupu, na jiwe la lava lina ncha kama chupa iliyovunjika. Sufle ikikatwa, vumbi jeusi linaingia kwenye grisi na kuigeuza msasa. Ukiwahi kabla ya sauti, safisha, jaza grisi mpya, funga sufle mpya, umemaliza. Sauti ikishaanza, sufle mpya haiponyi kitu.

RAV4 ya mama huyu haikuwa na mpigo. Ilitoa "ngo!" moja, nzito, gari ikiwa imesimama na volani inazungushwa. Gari imesimama, kardani haizunguki: mpigo wa kardani utatoka wapi?

Nikamwambia, "Mama, kaa mbele, acha mota iwake, zungusha volani polepole, kushoto, halafu kulia." Nikaweka kiganja kwenye resori (springi) ya mbele ya kushoto, upande wa nje tu, vidole mbali na mizunguko yake. Resori inatakiwa kugeuka pamoja na amortisa (shokomzoba) bila kukwama. Hii ilitulia, ikajikaza, ikajikaza tena, kisha ikaruka mara moja chini ya kiganja changu, na "ngo!" ikatoka hapo hapo. Beringi ya juu ya amortisa ilikuwa imeshikwa na kutu. Tuliibadilisha siku ile ile. Muuzaji wa kardani amekataa kumrudishia pesa.

Mkitaka kufungua ile nati ya juu ya amortisa, ibaneni resori kwanza kwa kifaa chake. Kamba haifai, waya haufai. Resori ikifyatuka inaua mtu.

Sasa nije kwenye biyeleti za stabiliza, yaani vijiti vinavyoshika ncha za ile fimbo inayozuia gari kulala upande, maana hapa ndipo mafundi wenzangu wananikasirisha. Gari inagonga ikiingia getini, gurudumu moja juu ya jiwe, jingine chini, volani imekatwa. Fundi anainua upande mmoja kwa kriki (jeki), anaitikisa biyeleti, anaiona ngumu, anasema nzima. Lakini ukiinua upande mmoja, stabiliza inajisokota na kuibana biyeleti. Hata iliyochoka kabisa haitacheza. Acha magurudumu yote chini, au inua pande zote mbili kwa kimo kimoja, ndipo uitikise. Kosa la namna hiyo hiyo linafanyika kwenye silenbloki, yaani bushi za mpira za mkono wa chini unaoshika gurudumu: watu wanakaza bulo (bolti) gari ikiwa inaning'inia. Mpira unakazwa katika mkao wa kuning'inia, gari ikishushwa unajisokota, na unabaki umesokotwa kila siku mpaka unapasuka. Kisha mteja anaambiwa piesi ilikuwa feki. Labda ilikuwa feki, labda haikuwa. Wewe shusha gari kwanza, ikalie uzito wake, ndipo ukaze mwisho.

Rotuli ya chini, kile kiungio cha mpira wa chuma kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa chini, haisubiri kesho. Inua gari, shika gurudumu juu na chini, sukuma na kuvuta huku mwenzako akiiangalia rotuli yenyewe. Ikicheza, gari isitoke garajini, kwa sababu siku ikichomoka gurudumu linalala. Na kabla ya hayo yote jaribu nati za gurudumu kwa spana. Zimewahi kuwa ndizo zinazogonga.

Kuhusu upande, tunafundishana kwamba ikilia ukikata kushoto, kardani ya kulia ndiyo mbovu, kwa kuwa upande wa nje wa kona unabeba uzito zaidi. Mara nyingi ni hivyo. Lakini nimewahi kufungua ya kulia kwa kufuata kanuni hiyo nikaikuta safi, na mbovu ilikuwa ya kushoto. Bodi ya chuma inasafirisha sauti, na sikio linadanganyika. Tangu hapo natazama sufle zote mbili kabla ya kuamini sikio langu.

Na kremayeri, ile mashine ya usukani inayosukuma magurudumu kushoto na kulia, bado inanisumbua. Ikicheza kwenye viungio vyake, mkono wangu unashindwa kuitofautisha na rotuli ya ndani ya fimbo ya usukani mpaka niondoe sufle yake. Sasa hivi nina Noah uwanjani iliyotoka Sake. Beringi za juu ni nzima, biyeleti nzima, rotuli za chini nzima, na bado inagonga mara moja kila volani inapopita katikati. Kesho asubuhi naondoa sufle ya kremayeri, nianzie upande wa kushoto.