Kabla hujaziba pengo la jino mnadani

Msimu wa kuuza mahindi ukifika, kliniki ya kinywa na meno hapa Mbeya huanza kupokea watu wenye jino la bandia lililogandishwa mdomoni. Wengi wanatoka mbali: Mbozi, Chunya, Makambako, wengine hadi Mafinga. Maelezo yao hayatofautiani sana. Fedha ipo mkononi, ni siku ya mnada, na pembeni kuna kijana mwenye meza, chupa mbili na boksi la meno ya rangi tofauti tofauti. Anachanganya unga na maji yake, anaweka jino kwenye pengo, anauzungushia ule mchanganyiko kwenye meno ya jirani mpaka ugande, anapiga msasa. Ndani ya nusu saa mteja anajitazama kwenye kioo, anatabasamu, analipa.

Sisi tunamwona baadaye, akilalamikia harufu na fizi zinazovuja damu. Tukilikata lile jino tunakuta chini yake chakula kilichooza, fizi imevimba na kuwa nyekundu, na meno mawili ya pembeni, yaliyokuwa mazima, yametoboka au yanacheza. Alikwenda kwa fundi na pengo moja; kwetu anaondoka na mapengo matatu.

Ule unga wenyewe ni akriliki, aina ya plastiki, na hata maabara zetu zinaitumia. Tofauti ni namna inavyotumika. Maabara huipika kwenye chombo cha kuipa umbo ndani ya maji ya moto, ikaiva, ikasuguliwa na kung'arishwa kabla haijagusa mdomo wa mtu. Mnadani inagandia juu ya fizi, inatoa joto wakati wa kuganda, na maji yake mabichi yanaunguza. Baya kuliko yote, haivuliki, kwa hiyo mswaki haufiki chini yake hata upige mara tano kwa siku.

Hapo ndipo penye kauli ninayoisikia karibu kila siku: "Daktari, sitaki la kuvaa na kuvua, nataka lisilotoka." Naomba hili lieleweke. Kutotoka si sifa ya ubora. Kabla ya kuchagua jino lolote la bandia, uliza kwanza litayafanya nini meno yaliyobaki.

Meno ya kuvaa na kuvua ndiyo yanayowafaa watu wengi, na ndiyo ya gharama nafuu. Yanaweza kuziba pengo moja au kinywa kizima. Hayamaliziki kwa safari moja: kuna kuchukua vipimo, kupima jinsi unavyouma, kujaribisha, kukabidhiwa, kisha kurudi kurekebishwa yanapochubua. Anayetoka Makete asidhani tunamsumbua tukimpa tarehe ya nne. Baada ya kung'oa, kwa kawaida tunasubiri wiki kadhaa, kwa sababu fizi na mfupa hupungua sana miezi ya mwanzo, na meno yaliyotengenezwa mapema hulegea. Usiku yavue, yaweke kwenye maji safi ya baridi. Yasafishe kwa sabuni na brashi laini, si kwa maji yanayochemka, maana yatapinda. Ukilala nayo kila siku, fangasi hustawi kwenye kaakaa; utaona limekuwa jekundu hata kama haliumi. Jino dogo la kuvaa lililolegea ni hatari zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kulimeza usingizini.

Daraja ni jino la bandia linaloshikiliwa na kofia zinazovalishwa meno mawili ya pembeni. Hili ndilo halitoki, na likitengenezwa vizuri hudumu miaka 10 na zaidi. Lakini ili kofia ziingie, meno hayo lazima yachongwe, na jino lililochongwa halirudi lilivyokuwa. Kwa kijana aliyeanguka na bodaboda akapoteza jino moja la mbele huku meno ya jirani yakiwa mazima kabisa, mimi binafsi husita kuchonga.

Kipandikizi ni skrubu ya titani, aina ya metali, inayowekwa ndani ya mfupa wa taya, kisha jino hufungwa juu yake. Daktari Per-Ingvar Brånemark wa Sweden ndiye aliyebaini kuwa mfupa hushikamana na titani, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza. Meno ya jirani hayaguswi. Ila ni ghali, ni upasuaji, na mfupa hupewa miezi 3 hadi 6 kushikamana kabla jino halijafungwa. Asiyedhibiti kisukari na anayevuta sigara sana wako katika hatari kubwa ya kukipoteza. Mtoto ambaye taya lake bado linakua hawekewi, hata mzazi awe na fedha kiasi gani.

Kuna chaguo jingine ambalo watu hawalitarajii kutoka kwa daktari: kuliacha pengo. Utafiti uliofanyika kwa watu wazima hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa mtu aliyepoteza baadhi ya magego anaweza kutafuna vya kutosha iwapo meno yaliyo mbele ya magego yanakutana vizuri na angalau jozi moja ya magego imebaki. Kama unakula makande na mahindi ya kuchoma bila shida, na pengo liko nyuma kabisa, fedha hiyo inaweza kufanya kazi bora zaidi kuziba meno yaliyotoboka.

Nigusie na "meno ya plastiki", kwa kuwa baadhi ya mapengo yanaanzia hapo. Mtoto akiharisha au akipata homa, watu husema chanzo ni hayo meno, na anapelekwa kwa mtu anayemchana fizi kuondoa hayo meno. Hakuna ugonjwa wa meno ya plastiki. Kinachotolewa ni meno machanga ya mtoto ambayo bado yamo ndani ya fizi, na fizi inachanwa kwa kifaa ambacho hakuna anayejua kilitoka mdomoni mwa nani. Tumelisema hili kwa miaka mingi na linanihuzunisha kulirudia. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati.

Sasa utaratibu. Kwa mujibu wa Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, anayetoa tiba ya meno lazima awe amesajiliwa na awe na leseni hai. Usajili na leseni ni vitu viwili: mtu anaweza kuwa alisajiliwa zamani na leseni yake imekwisha muda. Daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kituo nacho kina usajili wake, ambao si leseni ya biashara ya halmashauri wala risiti ya ushuru wa soko. Una haki ya kuomba kuona vyote, na mtaalamu wa kweli hatakasirika. Mtaalamu wa maabara ya meno hutengeneza meno kwa maelekezo ya daktari.

Ukiwa na malalamiko, yaandike na kuyapeleka ofisi ya mganga mkuu wa wilaya au halmashauri. Eleza tarehe, mahali, kilichofanyika na kiasi ulicholipa. Ambatisha risiti kama ipo, na jino lenyewe kama limetoka. Malalamiko dhidi ya daktari aliyesajiliwa hufikishwa Baraza, ambalo linaweza kumwonya, kumsimamisha au kumfuta kwenye daftari. Asiyesajiliwa hana cha kufutiwa; huyo ni suala la polisi na mahakama. Mgonjwa hashitakiwi kwa kuwa alihudumiwa na fundi, kwa hiyo hofu hiyo isikufanye ufiche chanzo unapokuja kutibiwa.

Kama tayari unalo jino lililogandishwa, usilivute kwa koleo wala kulilegeza kwa kisu, hata kama haliumi bado. Meno ya pembeni hutoka nalo. Njoo kliniki ya meno ya hospitali ya wilaya iliyo karibu nawe. Tunalikata kidogo kidogo kwa mashine, tunasafisha fizi, tunaiacha ipone, kisha tunakaa nawe kuchagua upya. Likikatika njiani, funga kipande kwenye kitambaa uje nacho.