Ree Mbili Hushinda Mara Ngapi? Hesabu ya Nafasi Katika Poka

Kila ninapofundisha uwezekano, hutumia poka ya Texas Hold'em, ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri na wote hutegemea karata tano zinazofunuliwa mezani. Swali la kwanza huwa lile lile: ree mbili (karata zenye herufi A) hushinda mara ngapi? Halijibiki mpaka uniambie mezani mko wangapi.

Ree mbili hupatikana kwa wastani mara moja katika migawo 221, kwa kuwa 4/52 ukizidisha kwa 3/51 unapata 1/221. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, hushinda takriban asilimia 85. Wapinzani wakiwa tisa, na wote wakabaki hadi mwisho, nafasi hushuka hadi karibu asilimia 31. Wanafunzi wepesi wa kukokotoa huipa 0.85 kipeo cha tisa, wakapata asilimia 23, kisha wakashangaa kwamba hawakupatia. Wamedhani matukio hayo tisa yanajitegemea, ilhali wapinzani wote wanategemea karata zile zile za mezani, na zikimwangusha mmoja, aghalabu huwaangusha wengi.

Bibi mbili dhidi ya ree na mfalme (wazee wangemwita mzungu wa nne) ni takriban 57 kwa 43, tofauti ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Kazi yenyewe huanza baada ya karata tatu kufunuliwa. Tuseme nina ree na 8 za kopa, na mezani pana mfalme wa kopa, 7 ya kopa na 2 ya pau. Nikipata kopa moja zaidi nitakuwa na kopa tano, mkono wenye nguvu. Kopa zilizobaki ni tisa kati ya karata 47 nisizoziona. Ni rahisi kuhesabu kukosa kuliko kupata: 38/47 mara 37/46 ni takriban 0.65, kwa hiyo nafasi ya kupata kopa katika karata mbili zijazo ni asilimia 35. Asiye na kikokotoo azidishe tisa kwa nne, apate 36. Ikibaki karata moja tu, azidishe kwa mbili.

Hata hivyo, si kila kopa ni ya kuaminika. Mpinzani akiwa ameficha 7 mbili, kopa ya 2 itanikamilishia kopa tano na papo hapo itampa yeye 7 tatu na 2 mbili, ambazo zinanishinda.

Sasa dau. Mezani pana shilingi 1,000, mpinzani anaongeza 500, nami natakiwa kulipa 500 ili nigombee 2,000. Kwa kuwa 500 ni robo ya 2,000, nahitaji nafasi ya angalau asilimia 25. Ikiwa imebaki karata moja, nafasi yangu ni 9/46, yaani chini ya asilimia 20, basi naweka karata chini na kujitoa. Zikibaki mbili, ile asilimia 35 inatosha, mradi mpinzani awe ameshamaliza fedha zake zote, vinginevyo atanidai tena kabla ya karata ya mwisho.